Masizi ya Magari na Udongo wa Bustani za Rau

Mwaka 1775 mpasuaji wa London, Percivall Pott, alieleza kwamba wasafishaji wa mabomba ya moshi waliugua saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani, naye akayalaumu masizi. Ndani ya masizi yale mlikuwa na haidrokaboni zenye pete nyingi, ambazo leo hutoka pia katika ekzosi za magari na bodaboda zipitazo Rau. Mojawapo, benzopireni, imewekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani katika kundi la vitu visababishavyo saratani kwa binadamu. Moshi wa dizeli uliingizwa humo mwaka 2012.

Kemikali hizi huzaliwa pale mafuta yasipoungua yakaisha. Haziyeyuki kwa urahisi katika maji, bali hushikamana na mboji. Kwa hiyo udongo mweusi wa kihamba, ulio fahari ya mlimani, huzishika kuliko mchanga. Zilizo nzito huweza kukaa humo miaka. Afadhali wingi wake hupungua upesi kadiri tuiachavyo barabara: makumi machache ya mita huleta tofauti kubwa.

Mizizi hufyonza kidogo tu. Hatari ya mchicha na mnafu uliopandwa kando ya lami imo zaidi katika vumbi litualo juu ya majani, na udongo urushwao na mvua za masika. Basi majani yaoshwe vizuri kwa maji mengi kabla ya kukatwa. Kuchemsha pekee hakutoshi. Karoti imenywe. Mtoto achezaye chini hula udongo kwa vidole vyake, hivyo anawe kabla ya chakula. Hata hivyo tusitishane: mama apikaye kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha yaelekea hupata sumu hizi zaidi kwa kuvuta moshi kuliko kwa mboga.

Ninachokihofia mimi ni oili chafu. Injini inavyofanya kazi, oili hukusanya haidrokaboni hizi. Ikimwagwa nyuma ya gereji, mvua husomba sehemu yake mtaroni kuelekea Mto Rau, unaonywesha mashamba ya mpunga huko chini. Fundi ajapo zahanati na vipele vya vinyweleo mapajani, pale suruali iliyolowa oili igusapo, mhudumu asimpe dawa tu: amwulize suruali hiyo hufuliwa lini, na oili huimwaga wapi.