Kwa Nini Matairi ya Mbele Huisha Upesi?

Kati ya Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, barabara hupanda na kushuka vilima vingi. Mvua hunyesha kuanzia mwezi wa Oktoba au Novemba hadi Mei. Wakati huo udongo mwekundu hulowa na kuwa utelezi. Kuanzia Juni hadi Septemba ni kiangazi, na udongo huo huwa vumbi. Katika somo hili tutajifunza kwa nini matairi huchakaa, na mahali panapofaa kufungwa matairi mapya.

Msuguano

Kitu kimoja kikitaka kuteleza juu ya kingine, hutokea nguvu inayozuia mwendo huo. Nguvu hiyo huitwa msuguano. Ukitembea juu ya ardhi kavu, msuguano huushika mguu wako nawe husonga mbele. Juu ya utelezi msuguano ni mdogo, nawe huanguka.

Gari nalo ni vivyo hivyo. Pasipo msuguano, magurudumu yangezunguka bure, usukani usingeweza kuligeuza gari, wala breki zisingeweza kulisimamisha. Lakini msuguano huo huo hula mpira wa tairi kidogo kidogo.

Kazi za matairi ya mbele

Malori na mabasi mengi husukumwa na magurudumu ya nyuma. Magari mengi madogo huvutwa na magurudumu ya mbele. Mojawapo ya magari yaliyoeneza muundo huu ni Mini, lililoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1959. Injini yake iliwekwa mbele kwa kukingama, na hivyo nafasi ya abiria ikaongezeka.

Katika gari la namna hii, matairi ya mbele hufanya kazi nne:

1. Hubeba uzito wa injini.
2. Hulivuta gari.
3. Huligeuza gari kushoto na kulia.
4. Hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha, kwa sababu dereva akifunga breki, uzito wa gari huelemea mbele.

Matairi ya nyuma hubeba mzigo na kufuata tu. Ndiyo sababu matairi ya mbele huisha kwanza.

Mifereji ya tairi

Tairi jipya la gari dogo lina mifereji yenye kina cha milimita 8 hivi. Mifereji hiyo hupitisha maji na matope, ili mpira uguse barabara. Katika nchi nyingi za Ulaya sheria hairuhusu kina kiwe chini ya milimita 1.6. Tairi lililokwisha mifereji huitwa kipara.

Jaribio

Vifaa: ubao, rula, maji, udongo, na kandambili mbili. Moja iwe na mifereji mizuri chini yake, na ya pili iwe imelika kabisa.

1. Weka kandambili zote mbili juu ya ubao mkavu. Inua ncha moja ya ubao polepole. Pima kimo cha ncha hiyo kila kandambili inapoanza kuteleza.
2. Paka ubao matope mepesi, kisha rudia.

Linganisha vipimo vyako. Juu ya ubao mkavu tofauti huweza kuwa ndogo. Juu ya matope, kandambili iliyolika kwa kawaida huteleza mapema zaidi.

Vivyo hivyo tairi kipara humdanganya dereva. Wakati wa kiangazi hushika barabara kavu, naye hudhani kwamba lingali zima. Mvua ya kwanza inyeshapo, gari huteleza.

Matairi mapya yafungwe wapi?

Tuseme mwenye gari ana fedha za kununua matairi mawili tu. Matairi yake ya mbele ni vipara, na ya nyuma yamelika nusu. Wengi hufunga mapya mbele. Lakini ni salama zaidi kuyahamishia mbele yale ya nyuma, na kufunga mapya nyuma. Vipara hutupwa.

Sababu yake ni hii. Gari likiteleza mbele katika kona, huelekea kwenda moja kwa moja. Dereva akipunguza mwendo taratibu, matairi huanza kushika tena na usukani hutii. Lakini likiteleza nyuma, sehemu ya nyuma huzunguka upande, na gari huweza kugeuka likatazama lilikotoka. Kulirudisha ni vigumu sana, hasa kwenye mteremko wenye maji.

Hata hivyo, matairi yanayohamishiwa mbele sharti yawe na mifereji ya kutosha, kwani ndiyo yatakayolivuta gari kupanda kilima chenye matope. Iliyo bora ni matairi yote manne yalike sawasawa. Kwa hiyo mafundi huhamisha ya mbele nyuma, na ya nyuma mbele, kila baada ya kilometa 8,000 hadi 10,000 hivi.

Fundi abadilishapo tairi, huegesha gari mahali tambarare, hufunga breki ya mkono na kuweka jiwe kwenye gurudumu la upande mwingine. Hulegeza nati kabla ya kuinua gari kwa jeki. Hukaza nati kwa kukingamisha, si kwa kuzifuata mduara, na huzikaza tena gari likiwa chini.

Maswali

1. Msuguano ni nini? Taja faida moja na hasara moja ya msuguano kwa gari.
2. Kwa nini tairi kipara ni la hatari zaidi wakati wa mvua?
3. Lori husukumwa na magurudumu ya nyuma. Unadhani matairi yapi huisha upesi? Toa sababu.
4. Kwa ruhusa ya mwenye gari, nenda na mwalimu kwenye gari lililosimama. Ingiza njiti ya kiberiti katika mfereji wa tairi, kisha pima kina kwa rula. Linganisha matairi ya mbele na ya nyuma.