Mtaji Uliomo Katika Bao

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja, mkazi wa Kisauni, alikosa masomo kwa majuma matatu. Nilipomwita alieleza pasi na kificho kwamba fedha za mkopo wa masomo zilikwisha mwezi wa kwanza, akakopa kwa simu apate kula, kisha akakopa kwingine alipe kule kwa awali. Nikampigia hesabu: ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, ikirudiwa mara 12, hufika asilimia 90. Akanijibu, "Hesabu hiyo naijua, mwalimu. Shida ni mkono."

Mimi ni mtu wa isimu wala si wa uchumi, basi niruhusiwe kuanza na neno. Mchuuzi wa soko la Kongowea akisema hana mtaji, hana fedha za kuanzia biashara. Mcheza bao barazani akisema hana mtaji, hana kete za kumla mwenzake. Neno ni lilo hilo, na sidhani ni kwa sadfa.

Zitazame kanuni za bao la Kiswahili. Mashimo ni 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni, sita kati yazo zikiwa katika nyumba; 22 hubaki mkononi, naye hunamua moja moja kwa kila zamu. Hata akitamani kuzimwaga zote siku moja, haruhusiwi. Akiwa anakula na kete ya mwisho ikaangukia nyumbani, ana hiari ya kulala au kuisafirisha nyumba; akishaisafirisha, heshima yake imetoweka. Mkono ukimalizika ndipo huingia hatua iitwayo mtaji, ambapo shimo lenye kete moja haliwezi kuanzisha mwendo wowote.

Mwenzangu alipendekeza Monopoly. Asili ya mchezo huo ni ule aliousajili Mmarekani Elizabeth Magie mwaka 1904 ili kuonyesha madhara ya wenye ardhi kuwakamua wapangaji. Leo wachezaji huishangilia kodi! Kijana wa Likoni ambaye wazazi wake wamejenga pasipo hati ataucheka kwa uchungu. Isitoshe, dadu huamua mengi, na kamari za simu zimekwisha kuwafunza vijana wetu kutegemea bahati.

Hivyo kila Jumamosi wanafunzi wanane huketi kwa mabao manne. Kila mmoja amegawa fedha zake za muhula kwa majuma, na fungu la juma moja ndilo kete yake ya kunamua. Kodi ya chumba ndiyo nyumba. Nakiri kwamba asiyetumiwa fedha kwa wakati hana cha kunamua, na hilo bao haliliponyi.

Yule wa Kisauni angali na deni. Jumamosi iliyopita kete yake iliangukia nyumba iliyojaa, wenzake wakamhimiza aisafirishe. Akalala. Alifungwa hata hivyo, akaomba turudie.