Wimbo Kanunua, Ufunguo Kabaki Nao Muuzaji

Kakangu mkubwa, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliishi Marekani zaidi ya miaka ishirini, kisha akarudi Mombasa kumalizia umri wake nyumbani. Alipofariki mwaka 2019, khitma ikasomwa, madeni yakalipwa, na maalimu wa mirathi akaketi nasi barazani kuandika alichokiacha marehemu: kiwanja, akiba kidogo ya benki, saa ya mkono, vitabu, kasha la kanda za taarab, na kompyuta.

Kasha la kanda halikuzua neno. Maalimu alitabasamu tu. Yeye si mtu wa nyimbo, na wako wanavyuoni wasioziafiki kabisa nyimbo za vinanda. Khitilafu hiyo ni ya kale na leo sitaiingilia. Lakini kanda ni mali, akaziandika. Ilipofika zamu ya kompyuta, binti wa marehemu akasema, "Ami, humu mna nyimbo za baba. Alizinunua moja moja kwa pesa zake." Tukataka kuzisikia. Kijana akabonyeza, likatokea tangazo dogo likitwambia kwamba kompyuta hii haina idhini ya kuufungua wimbo huu, na kwamba yaenda kuiomba idhini hiyo dukani. Ikaenda kuomba. Tukangoja. Duka lenyewe lilikuwa limefungwa miaka mingi.

Nyimbo mia tatu na ushei, na stakabadhi za malipo zimo katika barua zake za kompyuta, zote. Marehemu hakuiba hata mmoja. Maalimu akaitua kalamu yake, akauliza, "Sasa, huyu alinunua au alikodi?"

Hapana aliyemjibu. Nimelichukua swali lile nikaenda nalo nyumbani, na haya niandikayo leo ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tuelewe kufuli lenyewe lilivyofanya kazi. Wimbo ulionunuliwa katika maduka yale ya intaneti ulikuja umefumbwa kwa hesabu, mfano wa barua iliyoandikwa kwa maandishi ya siri. Ufunguo wa kuufumbua haukuwa pamoja na wimbo. Ulitolewa na mtambo wa duka, ukawekwa ndani ya kompyuta ya mnunuzi, na haukukubali kutoka humo. Akibadilisha kompyuta, nyimbo aweza kuzihamisha zote, lakini ile mpya haina ufunguo. Sharti iuombe upya. Muuzaji akiwapo, na akiridhika kwamba hujapita kiasi, atautoa. Asipokuwapo, umebaki na maandishi yasiyosomeka. Hayo ndiyo yaliyompata kakangu. Alinunua nyimbo zake mnamo mwaka 2005, akanunua kompyuta nyingine alipokaribia kurudi nyumbani, akazihamisha zote kwa uangalifu kama mtu ahamishaye vyombo vya udongo.

Wazee wetu hawakuyajua mambo hayo. Siti binti Saad alipovuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kutiwa sauti katika santuri, santuri zile zilirudi Unguja na mwambao wote zikauzwa kama uuzwavyo mkungu wa ndizi. Aliyenunua aliweza kuicheza mchana kutwa, kumwazima jirani, kuiuza akipata shida, au kuiacha kwa wanawe. Sindano ya gramafoni haikumuuliza mtu jina lake.

Kisha zikaja kanda, na hapa yanipasa niseme kweli hata ikiniuma. Sisi tuliokuwa vijana katika miaka ya 1980 tulinakili. Harusini hapakosekani mtu na redio yake karibu na kipaza sauti, na kesho yake kanda ile imekwisha zaa kanda kumi. Palikuwa na maduka ambayo ukienda na kanda tupu na pesa kidogo, ulirudi jioni na Juma Bhalo au Zuhura Swaleh ndani yake. Sijui hata mmoja katika sisi aliyeuliza mwenye sauti kapata nini. Waimbaji walikula tunzo za usiku ule wa harusi, na kanda zikasafiri hata Lamu, hata Maskati, bila ya wao kuonja kitu. Kwa hiyo simlaumu mwenye kampuni ya muziki kwa kuogopa wizi. Ningekuwa yeye, na mimi pia ningeogopa.

Naye alizidi kuogopa ilipoingia sahani ndogo ya CD mwaka 1982, maana iliingia bila ya kufuli lolote, na yaliyomo humo yalikuwa hesabu tupu: nakala ya elfu ni sawasawa na asili. Mwaka 1999 ukazuka mpango wa Napster huko Marekani, ambao kwao watu walipeana nyimbo bure kutoka kompyuta hadi kompyuta, mpaka ukafungwa kwa amri ya mahakama mwaka 2001. Mambo ya sheria yalikuwa yamekwisha tangulia. Mikataba ya kimataifa ya mwaka 1996 ilitaka makufuli ya namna hii yalindwe na sheria, Marekani ikapitisha yake mwaka 1998, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nayo ikaliweka jambo hilo. Kulivunja kufuli likawa ni kosa peke yake.

Apple ilipofungua duka lake la nyimbo mwezi wa Aprili 2003, wimbo mmoja uliuzwa senti 99 za Kimarekani. Masharti yake yalikuwa mepesi kuliko ya wengine: kompyuta tatu, na mpangilio mmoja wa nyimbo kunakiliwa katika sahani mara kumi. Mwaka uliofuata kompyuta zikaongezwa zikawa tano, na mara kumi zikapunguzwa zikawa saba. Angalia jambo hili, msomaji. Muuzaji ameketi kwake, na baada ya bidhaa kutoka dukani aweza kuzidisha huku na kupunguza kule. Juu ya hayo, wimbo wa duka hilo haukukubali kuchezwa katika vyombo vidogo vya mfukoni vya makampuni mengine, na nyimbo za makampuni mengine, zilizofungwa kwa kufuli la Microsoft, hazikukubali kuchezwa katika chombo cha Apple.

Kisa cha Sony BMG cha mwaka 2005 kilivuka mpaka. Kampuni hiyo iliuza sahani ambazo ukizitia ndani ya kompyuta, programu ilijipenyeza na kujificha mahali ambapo mwenye kompyuta haoni, ikilinda asinakili zaidi ya mara tatu. Tarehe 31 Oktoba mwaka huo mtaalamu Mark Russinovich akaifichua hadharani. Ikabainika kwamba maficho yale yaliweza kutumiwa na wahalifu kuingiza programu zao za maradhi. Sahani zikarudishwa viwandani mwezi uliofuata, na kesi zikafuata. Na aliyedhurika ni nani? Ni yule aliyekwenda dukani akatoa pesa. Mwizi aliyeupata wimbo ule ule bure kwenye intaneti, kompyuta yake haikuguswa!

Steve Jobs mwenyewe, mkuu wa Apple, aliandika waraka mwezi wa Februari 2007 akikiri kwamba makufuli hayasaidii. Alisema mwaka 2006 ziliuzwa nyimbo chini ya bilioni 2 zenye kufuli kwa njia ya intaneti, na makampuni yale yale yakauza nyimbo zaidi ya bilioni 20 katika sahani zisizo na kufuli lolote. Yaani dirisha limetiwa komeo na mlango mkubwa u wazi.

Sasa turudi barazani kwa maalimu. Chuoni tulifundishwa, nasi ni watoto wadogo, kwamba kuuza ni kuhamisha milki ya kitu chenyewe kwa thamani inayojulikana, na kukodisha ni kuhamisha manufaa yake kwa muda unaojulikana na ujira unaojulikana. Muda ukiwa haujulikani, ndani yake mmeingia gharar, nayo imekatazwa. Mfano wake uko mitaani: nikikuuzia nyumba, siwezi kukaa na ufunguo nikakwambia uje unibishie hodi kila ubadilishapo kitasa. Ikiwa nimekukodisha, tuandikiane miezi.

Wenye kusoma wataikumbuka kadhia ya Barira, ambaye Bibi Aisha alitaka kumnunua amwachie huru, na wenyewe wakakubali kumuuza kwa sharti kwamba haki ya walaa ibaki kwao. Mtume, rehma na amani zimshukie, alilikataa sharti lile, akasimama mbele ya watu akalaumu masharti yasiyo na asili katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu, hata yakiwa mia. Sisemi kadhia ile na hii ni moja. Mimi ni mwandishi, si mufti. Nasema tu kwamba mtu kuuza huku amezuia baadhi ya alichouza si jambo jipya duniani, na limepata kuulizwa.

Upande wa pili nao una hoja. Mnunuzi alibonyeza mahali palipoandikwa kwamba amekubali masharti, na imepokewa kwamba Waislamu hufuata masharti yao, ila sharti lenye kuharamisha halali au kuhalalisha haramu. Tena Baraza la Fiqhi la jumuiya ya nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwezi wa Disemba 1988, lilikubali kwamba haki za watunzi ni mali inayolindwa na hairuhusiwi kuvamiwa. Basi kanda zetu zile za miaka ya 1980 zina hesabu yake. Lakini masharti yenyewe yaliandikwa kurasa kwa kurasa kwa herufi za sisimizi, na juu yake, kwa herufi kubwa, neno moja: Nunua. Mimi naona neno lile kubwa ndilo lililochukua pesa za kakangu.

Kufuli lilivyokufa ni hadithi ya aibu. Mwezi wa Aprili 2008 Microsoft ilitangaza kwamba duka lake la muziki, lililokwisha acha kuuza tangu mwaka 2006, halitatoa tena funguo baada ya tarehe 31 Agosti. Watu wakapiga kelele, muda ukasogezwa hadi mwisho wa mwaka 2011. Yahoo! nayo ikatangaza mwezi wa Julai 2008 kuzima mitambo yake mwisho wa Septemba, ikawapa wateja fidia. Na nasaha waliyopewa wateja ni kwamba wazitie nyimbo zao katika sahani za CD kabla siku haijafika, yaani wafanye lile lile ambalo kufuli liliwekwa kulibana! Mwezi wa Januari 2009 Apple ikatangaza kwamba nyimbo zake zote zitauzwa bila ya kufuli. Waliokwisha kununua wakaambiwa wataongeza senti 30 kwa kila wimbo ili nao wafunguliwe. Sina la kuongeza hapo.

Vijana watasema hayo yamepita. Leo husikiliza kwa malipo ya mwezi, na Spotify imefika Kenya tangu mwaka 2021. Huko nako mna kufuli: nyimbo ulizoziweka simuni zachezeka katika vyombo vitano tu, na usipojiunga na intaneti angalau mara moja katika siku 30, zanyamaza. Hata hivyo mimi huko sina ugomvi napo. Mwezi wajulikana, ujira wajulikana, na hapana aliyekwambia umenunua. Hiyo ni ijara, na isemwe hivyo. Jimbo la California limepitisha sheria, inayotumika tangu tarehe 1 Januari 2025, kwamba muuzaji wa nyimbo, filamu na vitabu vya namna hii asitumie neno kununua, ila amweleze mteja waziwazi kwamba anachopewa ni ruhusa ya kutumia. Anayekupa kitu unachoweza kukipakua na kukaa nacho daima bila ya intaneti hakubanwa na sharti hilo. Nilipoisoma nilimpigia simu maalimu. Akacheka, akaniuliza ni nani aliyewasomesha.

Katika kompyuta ya marehemu hatukufaulu. Kijana mmoja fundi alisema aweza kutafuta njia ya kulivunja kufuli, shemeji yangu akakataa. Hakutaka mumewe, aliyelipia kila wimbo, aje avunjiwe kufuli kama mwizi naye yuko kaburini. Maalimu akaiandika kompyuta kwa bei ya chombo kikuukuu, na mbele ya neno nyimbo akapiga mstari.

Lakini siku ya kugawa vitabu, ndani ya kamusi moja kubwa zikaanguka sahani tatu, kila moja na mwandiko wa kakangu wa wino wa kijani. Bila ya shaka alizinakili wakati duka lilipotoa nasaha ile. Tulizitia katika redio ya zamani ya shemeji, zikaimba. Mna nyimbo hamsini na mbili. Ndugu zake wamekubaliana abaki nazo yule binti, naye amewanakilia wenzake wawili.