Springi za gari la nyumbani: hela yako inanunua chuma gani?

Gari liko nyumbani linabeba mazao, wewe uko Muscat au Doha, na kila baada ya muda unapigiwa simu: "Springi imekatika, tuma hela." Kabla hujatuma tena, soma hapa.

Kama unafanya kazi saiti, nondo unaijua: ukiikunja, inabaki imekunjika. Springi inatakiwa ikunjwe na makorongo halafu irudi ilivyokuwa, maelfu ya mara. Ndiyo maana inatengenezwa kwa chuma maalumu chenye kaboni kama asilimia 0.5 hadi 0.6, kilichochanganywa na manganizi, kromi au silikoni. Kinapashwa moto mkali, kinapozwa ghafla, kisha kinapashwa tena kwa kiasi ili kisiwe kigumu cha kuvunjika kama kigae. Bapa la chuma cha kawaida litafanana nayo kwa macho, ila likibeba mzigo litalala na halitainuka.

Fundi akisema ataichomelea iliyokatika, kataa. Ule moto unaharibu ugumu wake, itakatika tena pembeni ya mchomeleo. Bapa kuu likikatika njiani, ekseli inaweza kuhama, na humo ndani kuna watu wako.

Aluminiamu nayo ni nyepesi, kama theluthi ya uzito wa chuma, lakini ni ghali na kuichomelea kunataka vifaa ambavyo gereji nyingi za vijijini hazina. Kwa gari la kazi, baki na chuma. Bolti nazo ziwe na namba 8.8 au 10.9 kichwani.

Sasa hesabu. Tuseme springi ya bei rahisi ni shilingi 80,000 na inadumu miezi 2: hiyo ni 40,000 kwa mwezi. Nzuri ni 240,000, inadumu miezi 12: ni 20,000 kwa mwezi. Ile "rahisi" inakula mara mbili, bado hujahesabu siku ambazo gari limelala na fundi wa kulipwa kila mara.

Kwa hiyo, omba vitu vitatu: picha ya springi mpya kabla haijafungwa, risiti ya duka, na ile mbovu ibaki nyumbani. Ikiwezekana, hela ya spea mlipe mwenye duka moja kwa moja, fundi apate ya ufundi tu. Hapo humtuhumu mtu, unalinda jasho lako.