Mwanao akijiunga na gazeti la chuo

NDUGU msomaji, huenda wewe ni mfanyakazi wa mjini lakini kwenu ni Ukata, katika Wilaya ya Mbinga, ambako ndugu zako wangali wanaishi kwa jembe na kahawa. Sasa kijana wa ukoo amepata nafasi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kabla muhula haujafika nusu anakuarifu kwamba amejiunga na gazeti la wanafunzi. Bila shaka utajiuliza: je, hilo ndilo alilotumwa na wazazi?

Kabla hujamkemea, yafaa ukumbuke kisa cha gazeti la Cheche.

Novemba 1969, wanafunzi wa Mlimani waliokuwa katika chama kilichojulikana kwa herufi USARF, pamoja na tawi la Umoja wa Vijana wa TANU chuoni hapo, walitoa toleo lake la kwanza. Jina walilifuatisha lile la Iskra, gazeti la Lenin. Wahariri wake walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Hawakuwa na kiwanda cha kupiga chapa. Makala zilipigwa taipu kwenye stensili, zikarudufiwa, kisha wanafunzi wenyewe wakapanga kurasa na kuzibana pini.

Kazi ilikuwa ya mikono, lakini maswali yalikuwa mazito. Walter Rodney, mwalimu wa historia, aliandika humo. Mwaka 1970 Issa Shivji alitoa makala ndefu akiuliza: baada ya Azimio la Arusha la 1967 na kutaifishwa kwa mabenki, ni tabaka gani hasa lililoshika usukani, na kwa manufaa ya nani?

Novemba 1970, Cheche ilipigwa marufuku na USARF ikavunjwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba jina lile liliazimwa ugenini, ilhali Taifa lilikuwa na Ujamaa wake lenyewe. Mwaka 1971 Vijana wa TANU chuoni wakaanza kutoa jarida jingine, MajiMaji. Kwa mtu wa Ruvuma, jina hilo halina haja ya mkalimani: mkoani humo, Songea, ndiko viongozi wa Wangoni waliponyongwa na Wajerumani mwaka 1906.

Basi usidanganywe kwamba kalamu haina gharama. Hirji, alipokuwa tayari mwalimu chuoni, alihamishiwa Sumbawanga mwaka 1974. Hata hivyo vijana wale hawakupotea. Hirji alikuja kuwa profesa wa takwimu, Shivji profesa wa sheria, na Zakia Meghji akawa Waziri wa Fedha mwaka 2006. Mtu aliyezoea kupima neno kabla ya kulichapa, na kukubali makala yake ikatwe na mwenzake, amepata elimu isiyotolewa katika mihadhara.

Lakini Cheche ilikuwa na kasoro moja ambayo mzazi wa Ukata ana haki ya kuitaja. Ilimtetea mkulima, lakini kwa sehemu kubwa ilimtetea kwa Kiingereza. Mtu asemewe kwa lugha asiyoielewa, atajuaje kama amesemewa sawasawa?

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mwite kijana wako umwulize mambo matatu. Kwanza, je, masomo yake yanakwenda vema? Gazeti lisiwe kichaka cha kujifichia mtihani. Pili, nani huyahakiki anayoyaandika kabla hayajatoka? Uvumi uliopigwa chapa ni uvumi tu. Tatu, je, sisi wa nyumbani tutaweza kuyasoma?

Wazee wa Umatengo wanaijua kazi ya ngoro: kufyeka nyasi, kuzipanga kwa miraba, kuzifunika kwa udongo, hata mvua ya mlimani ikashindwa kuchukua rutuba. Kijana anayetaka kuandika juu yao na akaone kwanza, aulize, ahesabu, kisha aandike kwa Kiswahili.

Akikujibu vema, mwache aandike. Nawe mwombe nakala moja uipeleke Ukata, isomwe kwa sauti mbele ya babu yake. Hapo ndipo atakapompata mhariri wake mkali kuliko wote.