Kijiji Kisicho na Barabara
Kaskazini kabisa mwa Kanada, katika eneo la Yukon, kuna kijiji kidogo kiitwacho Old Crow. Hakuna barabara ifikayo huko. Mgeni huenda kwa ndege. Wenyeji wake, Wagwich'in, tangu kale huishi kwa kuwinda karibuu, kulungu wa nchi za theluji, wavukapo Mto Porcupine. Huko porini ndiko wazee huwafunza vijana kuwinda, kuchuna na kukausha nyama.

Lakini kulungu hao wengi huzalia pwani ya Alaska, mahali panapotamaniwa kwa mafuta. Mwaka 1988 Wagwich'in wa Kanada na Alaska walikutana, wakaazimia kwa kauli moja kupalinda. Nawe, je, mwanao aijua ardhi imlishayo?