Wastani wa Shule Unasema Nini? Mfano wa Tabora

Kila mara matokeo ya mtihani wa taifa yanapotangazwa, watu huzipanga shule katika fikra zao kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Shule yenye wastani wa juu husifiwa kuwa ina walimu hodari. Yenye wastani wa chini hulaumiwa kuwa walimu wake ni wazembe. Hukumu hiyo yaweza kuwa ya haki, na yaweza pia kuwa dhuluma. Ili kuutambua ukweli, yapasa kuuliza kwanza: wastani huo ni wa wanafunzi gani?

Mji wa Tabora unafaa kuwa mfano. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapo, katika nchi ya Unyanyembe. Wapagazi wa Kinyamwezi, wafanyabiashara wa Kiarabu, Waswahili wa pwani na Wamanyema kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika waliufanya kuwa mji wa watu wa asili nyingi. Mwaka 1912 reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora, na hivyo ikawa rahisi kuwaleta wanafunzi kutoka wilaya za mbali.

Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ilifungua shule ya wavulana mjini humo. Hapo mwanzo ilikusudiwa wana wa machifu, kwa kuwa serikali ilitaka kutawala kwa kuwatumia watawala wa jadi. Baadaye walipokewa pia wavulana wengine waliofaulu mitihani. Julius Nyerere, mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki, aliingia shuleni hapo mwaka 1937.

Hata elimu ilipopanuka, mchujo uliendelea. Katika miaka ya 1950 mtoto alisoma shule ya msingi hadi darasa la nne, kisha wachache wakaingia shule ya kati, darasa la tano hadi la nane, na wachache zaidi wakaendelea na sekondari. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, nchi nzima ilikuwa na wanafunzi wa sekondari 11,832, na kati yao 176 tu walikuwa kidato cha sita. Shule iliyopokea wanafunzi waliokwisha kuchujwa mara kadhaa haikosi kuonyesha matokeo mazuri. Sifa hiyo ni ya walimu wake, lakini pia ni ya chekeche lililotangulia.

Shule mbili, mtihani mmoja

Jambo hilo laonekana Tabora hata leo. Shule za Sekondari za Tabora Wavulana na Tabora Wasichana zimo katika kundi la shule za serikali za vipaji maalumu. Hupokea kutoka pande zote za nchi watoto waliopata alama za juu katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, nao hukaa bwenini. Shule ya kata, kwa upande wake, hupokea hasa watoto wa vijiji na mitaa inayoizunguka. Wengi wao hurudi nyumbani kila jioni.

Mkoa wa Tabora hulima tumbaku kwa wingi. Majani huchumwa na kukaushwa katika mabani katika miezi ya mwanzo wa mwaka, wakati muhula wa kwanza unaendelea, na mikono ya watoto huhitajika nyumbani. Kijiji kinaweza kuwa mbali na shule. Tena mtoto aliyezungumza Kinyamwezi, Kisukuma au Kiha nyumbani, na kusoma shule ya msingi kwa Kiswahili, hukutana na masomo kwa Kiingereza anapoanza kidato cha kwanza. Hata hivyo, mwishowe wanafunzi wa shule zote mbili hukalia mtihani mmoja. Tofauti ya alama zao hubeba ndani yake tofauti iliyokuwapo tangu siku walipoingia langoni.

Hesabu inayoweza kudanganya

Wastani una tabia nyingine inayopasa kueleweka. Tuchukue shule ya kubuni. Mwaka wa kwanza ina watahiniwa 100: 80 wanaoishi karibu na wenye nafasi ya kusoma, ambao wastani wao ni alama 70, na 20 wanaotoka mbali na wenye kazi nyingi nyumbani, ambao wastani wao ni 40. Wastani wa shule ni 64.

Baada ya miaka michache shule imepanuliwa. Wale wa karibu bado ni 80, na wastani wao umepanda hadi 72. Wale wa mbali sasa ni 80, na wastani wao umepanda hadi 44. Jumla ya alama ni 5,760 na 3,520, yaani 9,280. Tukiigawa kwa watahiniwa 160, tunapata 58. Kila kundi limepanda, lakini wastani wa shule umeshuka kwa alama 6! Anayetazama wastani peke yake atamlaumu mwalimu mkuu ambaye kwa kweli amewainua wanafunzi wote.

Kinyume chake chawezekana pia. Wanafunzi dhaifu wakiacha shule kabla ya mtihani, wastani hupanda ingawa hakuna aliyefundishwa vizuri zaidi.

Kwa hiyo, matokeo ya nchi nzima yasomwe kwa uangalifu. Kuanzia mwaka 2006 shule za kata ziliongezeka kwa kasi, na watoto ambao zamani wangeishia darasa la saba wakaingia sekondari. Katika matokeo ya kwanza ya kidato cha nne ya mwaka 2012, takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Matokeo hayo yalipangwa upya mwaka 2013. Uhaba wa walimu na vifaa ulikuwa wa kweli. Lakini ni kweli pia kwamba waliokalia mtihani huo hawakuwa tena kundi dogo lililochujwa kama zamani.

Kipimo cha haki

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza orodha ya shule zilizoongoza. Kinachobaki ni kazi ya shule yenyewe. Mwalimu na wanafunzi wa hisabati wanaweza kuchukua alama ambazo kila mwanafunzi aliingia nazo, wakazilinganisha na alama zake za kidato cha pili na cha nne. Kisha wawagawe wanafunzi kwa makundi: wa karibu na wa mbali, wavulana na wasichana, wa bweni na wa kutwa. Wahesabu pia walioacha shule.

Kipimo hiki hakikusudiwi kumpa mwalimu udhuru. Ikiwa watoto wa hali moja wanapanda katika shule moja na kubaki chini katika shule jirani, hapo ndipo ufundishaji unapopaswa kuchunguzwa. Na ikiwa wanaotembea mwendo mrefu ndio wanaobaki nyuma kila mwaka, huenda shule ikahitaji bweni kabla ya kuhitaji mwalimu mkuu mpya.